Barua ya wazi kwa wakubwa wa umeme: mwacheni fundi aogope

Kwa: Wakurugenzi, mameneja wa kanda, wahandisi wa usambazaji na wasimamizi wa zamu katika mashirika na kampuni za umeme

Yah: Hofu ya fundi wa laini na usalama wake juu ya nguzo

Waheshimiwa,

Salamu kwanza, kisha tuseme lililotuleta. Fundi wa laini anapopanda nguzo hubeba hofu tatu: ya kuanguka, ya umeme, na ya bosi. Mafunzo mengi hushughulika na zile mbili za mwanzo, na mara nyingi kwa kumwambia azishinde, asiwe mwoga. Sisi tunaomba kinyume chake. Hizo mbili mwachieni, zina kazi. Ya tatu ndiyo tunayotaka iondoke, maana ndiyo inayomfanya mtu mwenye akili timamu aruke hatua ya kupima laini kwa sababu simu imeita mara ya nne ikiuliza, "Bado tu?"

Tuanze na hofu ya kuwa juu, kwa kuwa ndiyo inayochekwa zaidi. Anayepanda kwa klaimba, yale makucha ya chuma yanayofungwa miguuni, uhai wake uko kwenye ncha mbili zinazoingia ndani ya mti. Ili ziingie vizuri, magoti na nyonga vikae mbali na nguzo, uzito ulale juu ya nyayo. Sasa mtu akiogopa hufanya nini? Huikumbatia nguzo. Magoti yanaingia ndani, pembe ya ncha inapungua, ncha inachomoka na ubanzi wa mti, naye anaporomoka. Yaani ile namna ya kujishika ndiyo inayomwangusha. Vidole navyo hukaza kupita kiasi, misuli ya mkono inachoka ndani ya dakika chache, mguu unaanza kutikisika kama wa mshona cherehani, na kutikisika huko kunaongeza hofu nyingine juu ya ile ya kwanza.

Kelele za "jikaze!" kutoka chini hazimsaidii. Kinachosaidia ni kusimama palepale, bila kupanda wala kushuka. Mkanda uzunguke nguzo na kulabu itazamwe kwa macho, kwa sababu mlio wa "tak" peke yake si ushahidi kwamba mdomo wake umefunga. Aegemee nyuma polepole mpaka mkanda ubebe uzito, aachie mkono mmoja autikise, kisha wa pili. Avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita au nane, mara tano hivi. Halafu aseme kwa sauti, aliye chini asikie, hatua inayofuata: "Nahamisha mkanda juu ya krosi-amu" (kile kipande cha mlalo kinachobeba waya). Kuitamka hatua kunairudisha akili mikononi. Yote hayo ni dakika mbili, na hakuna shirika lililofilisika kwa dakika mbili.

Mwanafunzi naye asipandishwe kileleni siku ya kwanza ili wenzake waone kama ana moyo. Apande mita 3, akae huko dakika kumi akifunga na kufungua bolti, akipokea vifaa kwa kamba, akihamisha mkanda. Akizoea, mita 6. Kisha juu kabisa. Kupanda ni rahisi. Kazi ni kukaa huko juu huku mikono ikifanya jambo lingine, na hilo halifundishwi kwa mashindano ya kasi.

Kuna hofu, hata hivyo, isiyoondoka kwa pumzi. Fundi ametulia, mikono haitetemeki, lakini moyo unakataa. Hiyo isichukuliwe kuwa woga. Mara nyingi ina swali ambalo halijajibiwa, na fundi mzoefu huwa amelihisi kabla hajalipatia maneno. Tutayataja maswali yenyewe, kwa sababu majibu ya mengi yako mezani kwenu, hayako kwenye mfuko wa fundi.

Swali la kwanza: nguzo hii itanibeba? Nguzo ya mti huoza zaidi pale inapoingia ardhini na chini kidogo ya hapo, kwenye unyevu na hewa kwa pamoja. Juu inaweza kung'aa kama mpya. Kabla ya kupanda, igongwe kwa nyundo pande zote, kuanzia chini hadi mkono unapofika. Mti mzima hulia kwa sauti kavu na nyundo hurudi mkononi, mti uliooza hutoa sauti butu na nyundo hukaa. Udongo ufukuliwe kama sentimita 20 hadi 30 kuzunguka shina, na bisibisi ndefu ichomwe kwa pembe. Ikizama kirahisi, hakuna kupanda. Kina nacho kiangaliwe: kanuni ya kawaida ni sehemu ya kumi ya urefu wa nguzo kuongeza sentimita 60, kwa hiyo nguzo ya mita 12 iwe imezama karibu mita 1.8. Mmomonyoko ukila nusu mita ya udongo, hesabu hiyo imevunjika.

Linalosahaulika ni hili: nguzo nyingi zilizooza hazisimami kwa mizizi yake, zinashikiliwa na waya. Fundi anapanda salama, anakata waya au kufungua stei (waya wa kuishikilia nguzo isiiname), na ule mvuto uliokuwa unaisawazisha nguzo unaondoka upande mmoja. Nguzo inakwenda naye akiwa amejifunga juu yake. Ndiyo maana nguzo yenye shaka hufungwa kwanza kwa kamba au stei za muda, au kushikwa na kreni, na kazi ikafanyika kwenye kikapu cha gari. Kama kituo hakina gari la kikapu, jibu sahihi ni kusubiri lifike.

Swali la pili, na hapa tutakaa kidogo: laini imekufa kweli? Laini iliyozimwa si lazima iwe imekufa. Swichi ina wembe tatu za chuma, moja kwa kila fezi (kila waya wa umeme wa laini). Inaweza kufunguka wembe mbili na wa tatu ukabaki umenasa, ndiyo maana lazima mtu aone kwa macho nafasi kati ya wembe na makazi yake kwenye fezi zote tatu, kisha aweke kufuli na kibao cha onyo. Taarifa ya redioni kwamba "fida imefunguliwa" (laini inayotoka kituoni imekatwa) inamwambia fundi kilichotokea kwenye paneli. Haimwambii kilichopo kwenye waya ulio mbele ya uso wake.

Umeme huweza kurudi kutoka chini. Mteja akiwasha jenereta bila chenjiova (swichi ya kuitenga nyumba na laini), volti zake 230 zinaingia kwenye transfoma kwa mlango wa nyuma. Transfoma haijui mbele wala nyuma. Ileile inayoshusha volti 11,000 kuwa 230 za nyumbani inapandisha 230 kuwa 11,000. Wengine husema jenereta ndogo haiwezi kubeba laini nzima, itazima. Ni kweli kama laini nzima bado imeunganishwa na nyumba zote. Lakini waya ukikatika na kubaki kipande kifupi chenye transfoma moja na wateja wachache, mzigo ni mdogo na jenereta hiyo inakibeba bila shida. Na ni kipande hichohicho kilichokatika ambacho fundi ametumwa kukiunga. Inveta za sola zisizofungwa sawasawa huleta balaa lilelile.

Tena kuna umeme ambao hakuna aliyeuwasha. Laini mfu ikipita sambamba na laini hai kwa umbali mrefu, hupata volti kwa ukaribu tu, na zinaweza kutosha kumtupa mtu. Radi nayo ikipiga kilomita kadhaa kutoka hapo husafiri na waya hadi alipo fundi kwenye jua kali. Ngurumo ikisikika, watu washuke, na wasipande tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kwa hiyo laini hupimwa, na kipimo nacho hupimwa. Kwanza testa iguswe mahali panapojulikana pana umeme au kwenye kifaa chake cha kuithibitishia, iwake. Kisha fezi zote tatu za laini inayofanyiwa kazi, moja baada ya nyingine. Kisha irudishwe palepale pa kwanza, iwake tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayosema kama betri ilikufa katikati. Testa isiyowaka ina maana mbili, na moja kati ya hizo ni mauti. Tunaomba kila kikosi kiwe na testa mbili za kiwango cha laini wanayoifanyia kazi, si moja inayozungushwa vituo vitatu.

Halafu ethi, yaani waya za kuunganisha laini na ardhi. Hapa tutasema wazi: kikosi kinachotoka na seti moja ya waya za ethi kimetumwa nusu. Utaratibu wenyewe kila fundi anaujua, lakini sababu zake huwa hazifundishwi, na hatua ambayo mtu hajui sababu yake ndiyo anayoiacha akiharakishwa. Klampu (kibanio) ya upande wa ardhi hufungwa kwanza, ndipo zile za waya kwa fimbo ya kuhami, isiyopitisha umeme, kuanzia waya ulio karibu zaidi. Ukianza na waya wa laini, na laini ikawa hai, ile ncha nyingine iliyo mkononi mwako nayo iko hai. Kutoa ni kinyume: za waya kwanza, ya ardhi mwisho kabisa. Sehemu ya kufunga isuguliwe kwa brashi ya waya, maana kutu na rangi hufanya klampu ishike kwa macho tu. Waya uliobaki usikunjwe kama mviringo wa kamba: laini ikiwashwa kwa bahati mbaya, mkondo wa maelfu ya ampia huurusha kama mjeledi na unaweza kung'oa klampu.

Na mahali pa kuweka. Ethi iliyowekwa kituoni, kilomita mbili nyuma, husaidia kuifanya brekari (swichi ya kituoni inayojikata) iruke. Fundi aliye huku mbele bado ana mkono mmoja kwenye waya na miguu kwenye nguzo, na tofauti ya volti kati ya hivyo viwili itapita kifuani mwake. Ethi inayomlinda ni ile inayounganisha waya zote pamoja na nguzo yenyewe chini ya miguu yake, ili volti za alichoshika na alichokanyaga zipande pamoja na kushuka pamoja. Tena pande zote mbili za eneo la kazi, kwa sababu umeme wa kurudi unakuja kutoka upande ambao hamuuangalii. Ukubwa wa waya huo uendane na mkondo wa hitilafu wa mahali husika. Wahandisi wenu wana hesabu hiyo kwenye kompyuta. Iandikwe kwenye kibali cha kazi.

Glavu tutazieleza kwa kifupi, ingawa zinaudhi. Daraja 0 ni ya mwisho volti 1,000, daraja 2 ni 17,000, daraja 4 ni 36,000. Kumpa fundi wa laini ya 33,000 glavu za daraja 2 ni sawa na kumpa soksi. Kila asubuhi glavu ikunjwe kuanzia mdomoni ili hewa ijae vidoleni, isogezwe shavuni na sikioni: tundu la sindano husikika na kuhisiwa kabla halijaonekana. Igeuzwe ndani nje, iangaliwe nyufa za jua na madoa ya grisi, kwa kuwa mafuta hula mpira. Juu yake ivaliwe glavu ya ngozi, fupi kuliko ya mpira. Na kila miezi sita zipimwe maabara na kugongwa tarehe. Glavu isiyo na tarehe tunaihesabu kuwa haipo. Nguo za nailoni na poliesta zisivaliwe hata chini ya ovaroli, kwani moto wa aki (umeme unaoruka hewani) huziyeyusha zikagandana na ngozi.

Tumeongea sana juu ya volti kubwa, na msifikiri huko ndiko kwenye hatari pekee. Kwenye 11,000 mafundi huogopa, basi hujilinda. Kwenye 230 wanaizoea, wanaiita "umeme mdogo", wanaishika kwa mkono mtupu wakisimama kwenye ngazi ya alumini. Mwili uliolowa jasho ni kama omu 1,000, kwa hiyo volti 230 zinasukuma karibu miliampia 230. Kwenye miliampia 10 hivi misuli inaanza kukataa kuachia. Miliampia 50 kwa sekunde moja zinatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Fundi wa miaka ishirini asiyeogopa tena huwa anatajwa kwenye vikao kuwa mfano mzuri. Sisi ndiye tunayemwangalia kwa wasiwasi zaidi kikosini.

Sasa tuje kwenye hofu ya tatu. Mnapima utendaji kwa dakika za kukatika umeme, na hilo halina ubaya, wateja wana haki yao. Lakini dakika hizo zinapimwa kwa saa inayomgonga mtu mmoja tu, aliye juu. Chumba cha udhibiti kinampigia foromani, foromani anapaza sauti, fundi anatazama chini, na katika kutazama chini kiwiko kinasogea karibu na waya wa pili. Tunaomba iwe amri: hakuna simu kwa mtu aliye juu, na hakuna swali la "bado?" kwa mtu wa chini anayemlinda. Mtu huyo kazi yake ni macho. Hapaswi kushika simu, kukata nyaya wala kubishana na wateja waliokusanyika. Taarifa atoe kiongozi wa kikosi, kila nusu saa, yeye ndiye apige.

Kuwasha laini kwa makubaliano ya saa kukome. "Mtakuwa mmemaliza saa nane, tutawasha" ni sentensi ya kuua. Laini iwashwe baada ya aliyechukua kibali kukirudisha yeye mwenyewe, kwa jina, baada ya kuhesabu watu wake chini na ethi zake garini: seti mbili zilipanda, mbili zimeshuka. Kila fundi awe na kufuli yake na aifungue mwenyewe. Na kazi ikifanyika karibu na laini hai, otorikloza (swichi inayorudisha umeme yenyewe baada ya hitilafu) izimwe isijirudishe, kwa sababu kifaa hicho hakijui tofauti ya tawi la mti na mkono wa mtu, kitajaribu tena baada ya sekunde chache, na tena.

Fundi akisema "nashuka", ashuke. Asiandike barua ya kujieleza, asikatwe posho ya siku, asipangwe zamu mbaya wiki inayofuata. Akifika chini aulizwe swali moja: umeona nini? Huenda hakuona kitu, amechoka tu. Mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na umakini kama aliye na pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na usiku wa dhoruba kikosi hufika saa hizo bila mtu kuhesabu. Kumtoa ni kazi ya msimamizi. Yeye mwenyewe hataomba, kwa kuwa anaona wenzake watabaki na mzigo wake.

Kwenye ripoti zenu za mwezi, ongezeni safu moja: kazi ngapi zilisimamishwa na fundi mwenyewe, na kwa sababu gani. Kanda itakayoleta sifuri mwaka mzima msiipongeze. Tumeni mtu akaangalie watu wanaogopa nini huko.

Mwisho ni uokoaji. Mtu aliyening'inia kwenye hanesi (mikanda ya mwilini) bila kusogeza miguu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, na aliyepigwa na umeme moyo wake hausubiri gari la wagonjwa. Lengo liwe dakika nne kutoka anapopigwa hadi anapolala chini akibonywa kifua. Muda huo haupatikani kwa nadharia. Kwanza hakikisha laini imekufa au mtu ametenganishwa nayo, maana wa pili kufa mara nyingi ni yule aliyekimbilia kuokoa. Kisha kamba ya uokoaji, urefu usiopungua mara mbili ya nguzo na ziada ya mita kadhaa, ipitishwe juu ya krosi-amu, izungushwe mara mbili na zaidi ili msuguano ubebe uzito, ifungwe kwenye hanesi ya majeruhi, ikazwe kwanza ndipo mkanda wake ukatwe, ashushwe. Mazoezi yafanyike kwa sanamu yenye uzito wa mtu mzima, kilo 80, na saa mkononi. Mara ya kwanza wengi huchukua dakika kumi na zaidi. Kamba hiyo ikae imeshaandaliwa chini ya nguzo kabla mtu hajapanda, si chini ya viti vya gari pamoja na jeki. Na kikosi cha watu wawili ambao mmoja wao ni dereva asiyejua kupanda hakina mwokozi.

Haya yote yawahusu pia vibarua na mafundi wa wakandarasi. Waya hauulizi mkataba.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya msimu wa dhoruba kuanza, kituo kwa kituo: seti ngapi za ethi, testa ngapi, glavu zimepimwa lini, zoezi la mwisho la uokoaji lilichukua dakika ngapi, na nani amepewa mamlaka ya kuuzuia mstari wa simu wakati mtu yuko juu.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa laini